Lita 16 zimekwenda wapi? Fort Nelson hadi Watson Lake na watoto watatu, Septemba mwanzoni

#1 Baba Watatu (Edmonton)
Wakuu salaam. Wiki ya kwanza ya Septemba mimi, mama na watoto watatu tulipanda Barabara ya Alaska mpaka Haines Junction kule Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, na kurudi. Picha nitaweka baadaye. Leo nina hesabu moja inaninyima usingizi.

Gari ni la watu saba, la petroli, tanki lita 68. Siku zote linakula lita 9.8 kwa kilomita 100, naandika kila risiti kwenye daftari mwaka wa nne sasa. Fort Nelson nilijaza mpaka pampu ikakata yenyewe. Toka hapo mpaka Watson Lake odometa ilisoma kilomita 512. Kwa mahesabu yangu nilihitaji lita 50, nibaki na 18 za akiba. Kwa hiyo sheli mbili za kwanza nilizipita napiga mluzi, bei zilikuwa za kutisha, nikasema nitajaza ya tatu. Ya tatu ilikuwa na mnyororo mlangoni na kipande cha boksi kimeandikwa kwa wino mzito: tumefunga, tuonane Mei.

Taa ya mafuta iliwaka zikiwa zimebaki kilomita 90. Nje nyuzi 3. Nikazima hita, nikashusha mwendo mpaka 70, watoto wakafunikwa mablanketi, na yule wa mwisho akauliza kama dubu anaweza kufungua mlango wa gari. Simu haina mtandao hata kidogo. Tuliingia Watson Lake gari linanusa tu. Pampu ilisimama kwenye lita 66.

66 kwa 512 ni 12.9. Hizo lita 16 zimekwenda wapi? Mafundi na wasio mafundi, karibuni.

#2 Kijana wa Gerezani (Dar)
Juu ya keria ulifunga sanduku?

#3 Baba Watatu
Nilifunga. Lile jeusi refu. Ndani hema, mablanketi, masufuria na kilo kumi za unga wa sembe.

#4 Kijana wa Gerezani
Basi kesi imekwisha, mod afunge uzi. Sanduku kubwa juu ya gari kwa mwendo wa barabara kuu linaongeza ulaji asilimia 10 mpaka 25. Wewe umetembea na kabati juu ya kichwa. Kwa lita zako 50, hapo peke yake ni lita 5 hadi 12. Piga kumi.

#5 Wa Naivasha (Minneapolis)
Hebu ngoja. Mzazi mzima anapita petroli stesheni mbili porini, watoto watatu nyuma, ati bei iko juu? Hizo lita ziko kwa mfuko wako, buda. Angalia vizuri.

#6 Baba Watatu
@Wa Naivasha hilo mama watoto ameshanisemea kwa siku tisa. Nimekuja hapa kupumzika.

#7 BintiUnguja (Muscat)
Assalaam alaykum. Mie naona mwaliacha jambo kubwa. Upepo je? Ulikuwa waenda kaskazini-magharibi siku nzima. Ukipata upepo wa mbisho wa kilomita 30 kwa saa na wewe waenda 100, gari lahisi 130. Wavuvi wa kwetu hawahitaji kompyuta kulijua hilo.

Sisi huku kila mwaka twashuka Salalah kwa gari kabla ya Septemba kwisha, kuwahi ule ukungu na majani mabichi ya khareef, msimu wa mvua wa kule. Ni kilomita elfu moja za jangwa, na siku ya upepo wa mbele tanki haliishi pale lilipoishia mwaka jana. Gari lile lile, mume yule yule.

#8 Papa Tonnage (Grande Prairie)
Bandugu jambo. Mimi napeleka mizigo kwenye hiyo barabara mwaka wa sita, natokea Lubumbashi. Mko mnaongea kama barabara ni meza. Ukitoka Fort Nelson unakutana na mlima wa Steamboat, halafu unapanda mpaka Summit Lake. Pale ni mita 1,295, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya Barabara ya Alaska yote. Unashuka, unapanda, unashuka, kona juu ya kona mpaka ziwa Muncho. Lori langu pale linalia kama mbuzi wa sikukuu. Ni milima, si sanduku.

Na ya pili, ndugu Baba Watatu: sheli nyingi za njiani ni za familia, watalii wakiisha wanafunga wanakwenda zao. Septemba usihesabu sheli uliyoiona kwenye ramani. Sisi madereva tanki likifika nusu tunajaza, hata kama bei ni ya kumuuza mke.

#9 Wa Naivasha
"Bei ya kumuuza mke" 😂 Papa Tonnage utafukuzwa nyumbani.

#10 Mwalimu Mstaafu (Iringa)
Vijana, hesabu ya mlima ni ya kidato cha tatu, tusibishane kwa hisia. Gari la tani 2 na nusu pamoja na unga wake, kulitoa mita 400 za Fort Nelson mpaka 1,295, unahitaji nishati ya megajuli 22 hivi. Lita moja ya petroli ina kama 34, lakini robo tu ndiyo inafika kwenye magurudumu. Kwa hiyo Summit nzima ni lita mbili na nusu, hata ukisema kila tone la kushukia umelipoteza kwenye breki. Milima peke yake haiwezi kula lita 16.

#11 Papa Tonnage
Mwalimu, heshima kwako. Lakini umehesabu mlima mmoja. Njoo nikupakie siku moja uhesabu mingine.

#12 Mwalimu Mstaafu
Nikipata viza nitakuja.

#13 Kijana wa Gerezani
Baba Watatu, kabla ya hapo, Dawson Creek mpaka Fort Nelson ulikula ngapi? Sanduku lilikuwa lile lile, si ndiyo?

#14 Baba Watatu
Swali zuri, daftari ninalo mkononi. Kilomita 454, lita 51.8. Ni 11.4 kwa mia. Sanduku lile lile, mwendo ule ule, hali ya hewa nyuzi 14.

#15 Kijana wa Gerezani
Hiyo sasa inanichanganya kidogo. Kutoka 9.8 kwenda 11.4, sanduku limebeba lawama yake. Kutoka 11.4 kwenda 12.9 kuna mwingine. Sindano ya joto la injini ilikuwa wapi ulipokuwa milimani?

#16 Baba Watatu
Chini ya nusu kidogo. Nilidhani ni kwa sababu ya baridi.

#17 Kijana wa Gerezani
Hapo sasa! Themostati, ile valvu inayoshika joto la injini, imekwama wazi. Injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inamwaga mafuta mengi. Mjini hulioni, ukienda kwenye baridi linajianika. Lita nne hizo kwa makadirio yangu ya haraka. Kabadilishe kabla Januari haijafika, vinginevyo hita itakupulizia upepo wa friji.

#18 Kuku wa Kienyeji (Mwanza)
Wakuu mimi sijui magari, nimevutiwa na hiyo Septemba. Kwa nini mtu apeleke watoto porini kipindi shule zimefunguliwa na baridi inaanza? Si angekwenda Julai?

#19 Baba Watatu
@Kuku wa Kienyeji, Julai nilikwenda mara moja. Mbu wa kule wanaweza kukunyonya damu ya kutosha benki. Na Julai usiku haupo, saa tano usiku bado unasoma gazeti nje, watoto hawalali. Septemba mbu wamekufa, giza limerudi, na majani ndiyo yanageuka. Miti mirefu njano tupu, vichaka vya chini vyekundu mpaka unadhani mtu kamwaga rangi mlimani. Jua linapungua kama dakika tano kila siku, unaona kabisa jioni inavyokusogelea. Shule niliandika barua. Mwalimu alijibu kwa sentensi moja, na haikuwa ya kunitakia safari njema.

#20 Mzee wa Jangwani (Dar)
Kijani kwenda njano. Hayo majani ni Yanga toka kuzaliwa.

#21 Mtaa wa Msimbazi (Dar)
Hujasoma vizuri. Mekundu yapo, tena mlima mzima. Mnyama yupo mpaka Yukon.

#22 Mzee wa Jangwani
Mwenye uzi kasema wenyewe: njano juu, nyekundu chini. Msimamo wa ligi huo.

#23 Mtaa wa Msimbazi
Ya juu ndiyo ya kwanza kuanguka.

#24 Mwalimu Mstaafu
Nimecheka, lakini kuna elimu hapo. Njano haiji, ilikuwemo tangu mwanzo. Jani linapoacha kutengeneza kijani, njano iliyofichwa ndiyo inaonekana. Wekundu ni tofauti. Jani linautengeneza upya, kwa gharama, siku chache kabla ya kufa. Kwa nini jani linalokufa lijipake rangi? Wapo wanasayansi wanaosema ni mwavuli wa kulikinga na jua wakati mti unarudisha virutubisho shinani. Wengine wanasema ni onyo kwa wadudu wasije kutaga hapo. Hawajaelewana mpaka leo.

#25 Mtaa wa Msimbazi
Onyo kwa wapinzani. Nakubaliana na hao wa pili.

#26 Nesi wa Tampere (Finland)
Huku Lapland wana neno lake kabisa, wanaita ruska, na watu wanachukua likizo Septemba kwenda kuitazama tu. Familia nzima kwenye gari, kahawa kwenye chupa, paa wa theluji wamesimama katikati ya lami hawana haraka na mtu. Mimi nikiwaambia ndugu zangu Tanga kwamba nimeendesha kilomita 700 kwenda kuangalia majani yanakufa, wananiombea.

#27 Kuku wa Kienyeji
Na mimi naanza kukuombea.

#28 Baba Watatu
@Nesi, hao paa umenikumbusha. Karibu na Muncho Lake kuna bango la tahadhari la wale wanaoitwa caribou. Binti yangu wa miaka saba ndiyo kwanza anajifunza kusoma Kiswahili, akapiga kelele: "Baba, wameandika karibu!" Mdogo wake akafungua dirisha akajibu msitu mzima, "Asante!" Toka hapo kila bango wanajibu. Na kweli mbele kidogo wanne wakavuka, polepole, kama wageni waliokaribishwa.

#29 Shemeji wa Anchorage
Wakuu, naomba niingize langu kuhusu kilomita. Baba Watatu, una uhakika na hizo 512? Barabara ile ina mabango ya maili ya zamani. Fort Nelson ni maili 300, Watson Lake ni maili 635. Tofauti 335, ambayo ni kilomita 539. Barabara imenyooshwa mara nyingi tangu vita, mabango ya kihistoria yakabaki na namba zake. Watu wengi wanaingia mkenge hapo.

#30 Mwalimu Mstaafu
Shemeji, hoja yako ni nzuri lakini inakwenda kinyume. Kama alitumia 539, ulaji ungeonekana mdogo, 12.2. Sisi tunatafuta kwa nini ni mkubwa.

#31 Shemeji wa Anchorage
Kweli. Nimejichoma mwenyewe. Basi labda alibadilisha matairi akaweka makubwa zaidi, odometa ikahesabu pungufu?

#32 Baba Watatu
Nilibadilisha, ndiyo. Yale ya kashata kubwa, kwa ajili ya changarawe.

#33 Kijana wa Gerezani
Aaaah! Na hukusema?!

#34 Mwalimu Mstaafu
Tulieni. Ramani yenyewe inatoa kilomita 510 na ushee kati ya miji hiyo miwili. Odometa imesema 512. Matairi yanaweza kuwa mazito, lakini uongo hayakusema.

#35 Kuku wa Kienyeji
Shemeji umesema "tangu vita". Vita gani tena huko porini?

#36 Shemeji wa Anchorage
Ya Pili ya Dunia. Desemba 1941 Wajapani walipiga Pearl Harbor, Marekani ikaogopa Alaska itakatika isifikike kwa nchi kavu. 1942 jeshi likaingia msituni na matingatinga, kuanzia Machi mpaka Oktoba wakawa wamefungua njia kutoka Dawson Creek mpaka Alaska. Wanajeshi zaidi ya 10,000, na kama theluthi yao walikuwa weusi, vikosi vya wahandisi kama cha 93, cha 95 na cha 97. Wengi walitoka kusini mwa Marekani, theluji wakaionea kule. Walipewa mahema wakati wengine wana vibanda, na wakubwa wa jeshi hawakutaka wakae karibu na miji. Kikosi cha 95 kilijenga daraja la Mto Sikanni Chief kwa siku zisizotimia nne, kwa zana za mkono sehemu kubwa. Baba Watatu umepita juu ya mto huo ukienda Fort Nelson.

Tarehe 25 Oktoba 1942, jirani na Beaver Creek, tingatinga mbili zilikutana uso kwa uso msituni, moja inatoka kaskazini na nyingine kusini. Ya kaskazini aliiendesha Koplo Refines Sims, mweusi wa kikosi cha 97. Ya kusini ilikuwa ya Alfred Jalufka, mzungu wa Texas. Wakapeana mikono. Jeshi la Marekani wakati huo bado lilikuwa linatenganisha watu kwa rangi.

#37 Papa Tonnage
Miaka sita nakanyaga hiyo barabara, hiyo sikujua. Merci sana ndugu. Kesho nikipita Sikanni nitapiga honi.

#38 Kuku wa Kienyeji
Mimi nasema ilijengwa na Wakanada, maana sehemu kubwa iko Kanada.

#39 Shemeji wa Anchorage
Iko Kanada lakini Marekani ndiyo ilijenga na kulipa. Kanada ilikabidhiwa kipande chake 1946.

#40 BintiUnguja
Tumefika vitani na mafuta hatujayapata. Baba Watatu, Liard mlilala?

#41 Baba Watatu
Tulilala usiku mmoja, pale kwenye chemchemi za moto. Ndiyo raha kuu ya safari nzima. Unatembea kwenye njia ya mbao juu ya kinamasi, hewa ina baridi mpaka pua inauma, halafu unaingia kwenye maji ya nyuzi 42, na ukisogea kwenye chanzo yanapanda mpaka 52. Mvuke umejaa, majani ya njano yanaelea mpaka kidevuni. Watoto walikataa kutoka. Wa kati aliniuliza nani kaacha jiko linawaka huko chini.

#42 Wa Naivasha
Nyuzi 52 ni ya watoto. Bogoria tunachemshia mayai.

#43 Mama Watatu Mwenyewe
Hamjambo wote. Nimeletewa huu uzi na mdogo wangu. Naona mnahangaika sana, masanduku, upepo, vita. Muulizeni Baba Watatu usiku wa Liard alifanya nini.

#44 Wa Naivasha
Popcorn tayari. 🍿

#45 Baba Watatu
Mama, haya tungeyaongea nyumbani.

#46 Mama Watatu Mwenyewe
Saa nne usiku akatuamsha, miale ya kaskazini imeanza, ile mianga ya rangi angani. Kweli ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kama pazia la kijani linatikiswa na mtu usiyemwona. Watoto wakatetemeka, nikasema turudi hemani. Yeye akasema hapana, tutaangalia tukiwa ndani ya gari. Akawasha injini na hita. Tulikaa saa tatu gari linanguruma, yeye anapiga picha kwa simu, zote zimetoka nyeusi. Hii ndiyo sababu hataki kuweka picha.

#47 Kijana wa Gerezani
Saa tatu kwenye sailensa! Na hita juu! Mkuu, ndiyo maana hukusema. Gari la ukubwa huo linakula zaidi ya lita moja kwa saa limesimama. Weka nne.

#48 Nesi wa Tampere
Na majirani kambini walilala vipi? Huku ungeshagongewa kioo.

#49 Baba Watatu
Tuligongewa. Sikuona umuhimu wa kulitaja.

#50 Mwalimu Mstaafu
Nimejumlisha. Sanduku 10, mlima 2 na nusu, themostati 4, sailensa 4, upepo wa BintiUnguja tuupe 3, upepo mdogo kwenye matairi 1, maana joto likishuka nyuzi tano sita kila tairi linapoteza kama psi moja. Jumla lita 24 na nusu. Tulikuwa tunatafuta 16. Tumepata ziada ya nane na nusu.

#51 Wa Naivasha
Kwa hivyo Baba Watatu anadaiwa na sheli.

#52 Kijana wa Gerezani
Basi mmojawapo hana hatia. Mimi nasimamia themostati.

#53 Papa Tonnage
Mimi mlima.

#54 BintiUnguja
Na upepo mwauonea kwa sababu hauonekani. Mie simo katika kuupunguza.

#55 Mangi wa Marangu
Nachomekea tu. Haines Junction si ndipo penye mlima Logan? Watoto wameuona? Nasikia unajifananisha na Kilimanjaro.

#56 Baba Watatu
Wameuona, mkubwa, umejaa theluji, tumepiga nao picha.

#57 Shemeji wa Anchorage
Samahani mkuu, hamkuuona. Kutoka barabarani unaona safu ya mbele tu ya milima ya Kluane. Logan umejificha nyuma kabisa kwenye mabarafu, watu wanauona kwa ndege ndogo. Halafu @Mangi, haujifananishi. Logan ni mita 5,959, Kilimanjaro 5,895.

#58 Mangi wa Marangu
Mita 64 tu. Na wetu haujifichi nyuma ya wenzake.

#59 Mama Watatu Mwenyewe
Sasa nimepiga picha na mlima gani?

#60 Mpwa wa Tabora (Calgary)
Nami nichangie la familia, maana tunaongea mafuta tu. Mwaka juzi tulikwenda Yukon na binamu yangu mgeni, siku ya nne tangu atoke Tabora. Dukani tukanunua dawa ya pilipili ya dubu. Akaona ni kopo la kupulizia, akadhani ni kama ya mbu. Akajipulizia koti, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Tulitoka milango yote minne, tukalala kwenye nyasi kandokando ya lami tunalia, na upande wa pili kuna baisoni watano wanatafuna nyasi wanatutazama. Septemba ile sikuona jani hata moja, macho yalifumba siku mbili.

#61 Kuku wa Kienyeji
Hapa ndipo nilipoanguka 😂😂 Baisoni wamesimulia wajukuu.

#62 Mpwa wa Tabora
Ulaji wa mafuta ulipanda pia, tuliendesha vioo wazi mpaka Whitehorse. Ongezeni kwenye orodha.

#63 Mama Watatu Mwenyewe
Jambo jingine. Leo nimeosha gari, chini ya kiti cha nyuma kuna mfuko wa mawe. Watoto wameokota kando ya Muncho, yale ya kijani. Nimeupima kwenye mizani ya bafuni, kilo 31.

#64 Kijana wa Gerezani
Uzito!

#65 Baba Watatu
Mawe yaliokotwa wakati wa kurudi. Lita zilipotea wakati wa kwenda.

#66 Nesi wa Tampere
Na ile ni hifadhi. Hairuhusiwi kutoka na jiwe hata moja, Baba Watatu. Wafundisheni watoto mapema.

#67 Baba Watatu
Nimeelewa. Nilishangaa kwa nini wa kati alikuwa kimya njia nzima.

#68 Mwalimu Mstaafu
Fanya jaribio, kijana. Toa sanduku, jaza tanki, nenda mji wowote na urudi, pima.

#69 Baba Watatu (wiki moja baadaye)
Nimerudi wakuu. Sanduku nimelishusha liko gereji ya nyumbani. Themostati nimebadilisha, Kijana wa Gerezani asante, ya zamani ilikuwa kweli imechoka. Fundi mmoja wa hapa aliniambia ni injini nzima, bei yake siisemi, nikamshukuru nikaenda kwa mwingine. Upepo wa matairi nimejaza. Nimekwenda Red Deer na kurudi, kilomita 301, tambarare, upepo hakuna, nyuzi 4. Mawe nimeyashusha. Matokeo: 11.2.

#70 Kijana wa Gerezani
Haiwezekani. Ilitakiwa irudi 9.8.

#71 BintiUnguja
Upepo hakuna? Ulipima kwa nini? Kwa kidole?

#72 Papa Tonnage
Ni mafuta ya baridi hayo, sheli zimeanza kubadilisha petroli ya majira. Yanachoma haraka.

#73 Mwalimu Mstaafu
Tofauti ya petroli ya baridi ni asilimia chache tu, Papa. Haifikishi 11.2. Hewa ya baridi nayo ni nzito, inaongeza kidogo. Bado kuna kitu.

#74 Shemeji wa Anchorage
Matairi. Nasema tena, yale ya kashata kubwa yanakokota hata kama odometa ni mkweli.

#75 Mama Watatu Mwenyewe
Red Deer nilikuwemo. Niliingia dukani kununua makoti ya watoto, nikakaa dakika arobaini na tano. Nilipotoka nje injini inawaka na amelala.